Fundi Cherehani wa Ndanai Amvika Fahali Koti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka, Drusilla Gathoni anampima fahali koti.

Fahali mwenyewe hana habari. Amefungwa kwenye nguzo mbele ya duka la mahindi katika soko la Ndanai, anacheua. Drusilla, mama wa miaka arobaini na mitatu, ana kamba ya kupimia shingoni na pini nne mdomoni. Anamzunguka kwa nyuma, polepole, maana jana alipigwa teke la paja.

"Mshike kichwa vizuri," anamwambia Kipngetich, mwenye fahali. "Ukimwachilia, hizi pini nameza."

"Huyu hana maneno," anajibu Kipngetich. "Ni wewe unakuja nyuma yake kama mwizi."

Koti ni la kitambaa cha marekani kilichotiwa buluu ya kufulia mpaka kikawa rangi ya anga. Ubavuni, mahali ambapo fundi mwingine angeandika maneno, Drusilla ameshona picha za vitambaa vyekundu. Kuna mama amebeba kibuyu, mtoto ameshikwa mkono, na watu wawili wanacheza ngoma chini ya jua kubwa. Herufi hakuna hata moja.

"Nikiandika, nani atasoma?" anauliza. "Karani na mwalimu. Hao wawili watakuja hata bila kuitwa. Wanapenda nyama."

Huu ni mwezi wa Desemba, mwaka 1958, na zimebaki wiki mbili kabla ya Sherehe ya Soko. Wenye maduka wa Ndanai waliianzisha miaka mitatu iliyopita. Siku hiyo vijana wa kambi za chai huja na ngoma zao, watu huvuta kamba, fahali aliyenona kuliko wote hupewa zawadi, na kuna gwaride la mavazi ya kuchekesha ambalo mwaka wa kwanza lilimfanya askari mmoja acheke mpaka kofia ikamwanguka. Wenye maduka nao hawalalamiki. Mtu aliyekuja kucheza ngoma harudi kwake bila sukari.

Kazi ya kuwaita watu na kupamba uwanja ni ya Drusilla. Aliipata kwa sababu ya bendera. Mwaka wa kwanza alishona bendera themanini kutoka kwa magunia ya unga, akazitundika njia nzima, na watu wakaja kuuliza ni Mzungu gani anayepita. Wakakuta ni sherehe. Wakabaki.

"Mtu akiuliza swali, huyo nimeshamshika," anasema. "Miguu yake itafuata mdomo."

Ukimsikiliza unaweza kudhani hajawahi kushindwa na jambo. Lakini Drusilla ameshindwa, na ameshindwa vibaya, mbele ya watu. Ndiyo sababu ya fahali huyu na koti hili.

Mwaka jana Drusilla alijenga lango.

Wazo alilitoa Kericho mjini. Alipokuwa akiishi huko, aliona barabara ikipambwa kwa sikukuu ya serikali. Palijengwa malango ya matawi na maua, na wakubwa wakapita chini yake huku bendi ikipiga. Alilipenda jambo hilo likamkaa rohoni. Basi mwaka jana, usiku wa kuamkia sherehe, akakata matawi, akayainamisha, akayafunga kwa mmea mmoja unaotambaa, wa kijani kibichi, ambao watu wa hapa huuita sinendet.

"Niliuchagua kwa sababu ni mzuri na haunyauki upesi," anasema. "Haiya! Ningejua."

Kuuliza si ujinga, lakini Drusilla hakuuliza. Kwa Wakipsigis, wenyeji wa hapa, Desemba ndio wakati wa jando. Lango la matawi lililofungwa sinendet ni la vijana wanaovuka kuingia utu uzima, na hapo mwanamke na mtoto hawakaribii. Zaidi ya hayo hayasemwi gazetini, na mwandishi huyu hatayasema.

Asubuhi akina mama wakaja kutoka kila upande, watoto wameoshwa, vibuyu vya maziwa mgongoni. Wakafika barabarani. Wakaliona lango. Waliokuwa mbele wakawafunika watoto macho kwa leso, wakageuka, na waliokuwa nyuma wakageuka nao bila kuuliza. Kwa muda wa nusu saa mamia ya wanawake walikuwa wameshika njia ya kurudi makwao.

"Nilidhani wameona nyoka," anasema Drusilla. "Nikachukua fimbo nikaenda kumtafuta."

Baadaye alikuja mzee Johana arap Tonui na wenzake wawili, wakalibomoa lango lile kwa panga. Mzee Johana ni mtu anayesikilizwa Ndanai nzima, na ana sauti inayofika mbali akitaka. Siku hiyo hakuitumia.

"Hakunitukana," anasema Drusilla. "Afadhali angenitukana."

Tangu siku ile akina mama wa Kikipsigis wakaacha kupeleka nguo kwake. Hawakugombana naye, hawakumsema vibaya. Walipita tu mbele ya cherehani yake, wakamsalimu kwa adabu, wakaenda kwa Mokaya, fundi aliye upande wa pili wa barabara. Kabla ya lango Drusilla alikuwa akishona nguo kumi na mbili kwa wiki, shilingi tatu gauni la mtoto. Baada ya lango, wiki njema ni nguo tatu, na mojawapo ni ya mke wa karani.

Mokaya, ambaye ni mtu mpole, hafurahii sana bahati yake. "Mimi sikumnyang'anya mtu," anasema. "Walikuja wenyewe. Na huyu mama ananishinda mkono, kila mtu anajua. Mimi kola hainipendi."

Lakini si nguo zinazomuuma Drusilla. Alikuja nchi hii ya chai miaka ishirini na miwili iliyopita, bibi arusi, kutoka upande wa Nyeri. Mumewe, Naftaly, alikuwa seremala wa masanduku ya chai, na alipofariki alizikwa hapa. Binti yao, Wanjuhi, ameolewa hapahapa. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, Mkikuyu haendi mkoa mwingine bila pasi ya serikali, na Drusilla hajakanyaga kwao kwa miaka sita.

"Kwetu siwezi kwenda," anasema. "Hapa nimewakosea watu kitu kikubwa, na hawataki hata kunigombeza. Sasa hawa wakinikataa, mimi ni wa wapi?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaweka mkasi chini. Kisha anauokota, anamwambia Kipngetich amgeuze ng'ombe.

Aliyemwonyesha njia ni jirani yake Rebeccah, ambaye kila mtu humwita Bot Chelimo, yaani mama yake Chelimo. Ni Mkristo wa kanisa moja na Drusilla, ana ng'ombe wawili wa maziwa na ulimi usioogopa mtu. Drusilla alikuwa amekwisha kuomba msamaha kanisani, akasimama mbele ya watu wote na kulia.

"Nikamwambia, Mama Wanjuhi, umelia mahali pasipohusika," anakumbuka Bot Chelimo. "Pasta alikosewa nini? Twende kwa mwenyewe."

Mkono mtupu haulambwi. Mwezi wa Agosti wanawake hawa wawili walikwenda kwa mzee Johana na kibuyu cha maziwa, na Bot Chelimo akamshikisha Drusilla majani mabichi mkononi, maana hapa anayekuja na majani amekuja kwa amani. Walisimama nje mpaka mzee akamaliza kuchonga mpini wa jembe. Drusilla anasema alimaliza polepole makusudi.

"Nani alikufundisha kujenga ile kitu?" mzee aliuliza.

"Niliona Kericho, mzee. Serikali ndiyo ilijenga."

Mzee Johana alicheka mpaka akaweka mpini chini. "Kumbe serikali pia haiulizi," alisema.

Lakini kicheko si msamaha, na mzee alisema hivyo waziwazi. Yeye ni mwanamume mmoja. Waliorudishwa njiani ni akina mama, na wao ndio wenye neno. Alimpa Drusilla masharti mawili. La kwanza, mwaka huu pasiwe na lango la aina yoyote. La pili, aende mwenyewe, kwa miguu yake na mdomo wake, kila soko ambalo wale mama walitoka, awaambie hivyo.

"Nikitoka pale nilikuwa nimeshapata wazo," anasema Drusilla, na meno yanaonekana. "Nimeambiwa nitembee masoko yote? Nitatembea. Lakini nani alisema nitembee peke yangu?"

Ndivyo fahali alivyopata koti.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Danson Gachanja, mfanyabiashara wa mahindi, hakupendezwa. Yeye na kamati walitaka wakodi gari lenye kipaza sauti kutoka mjini. "Mama Wanjuhi, chema chajiuza," alimwambia mbele ya mwandishi huyu. "Kibaya ndicho chajitembeza. Unatembeza ng'ombe amevaa nguo, watu watasema Ndanai tumerukwa na akili."

"Wacha waseme," alijibu. "Wakisema, wametaja Ndanai."

"Na akina mama wasipokuja tena?"

"Wasipokuja, hiyo kazi mpe mwenye gari. Na mimi sitaiulizia tena."

Safari ilichukua siku saba. Walianza masoko ya karibu, wakaenda Chebunyo, kisha Mulot, Kipngetich mbele na kamba, fahali katikati, Drusilla nyuma. Mwandishi huyu aliwafuata siku mbili za mwisho na viatu vyake havijamsamehe.

Hapa lazima isemwe kweli: fahali yule ni mtangazaji hodari. Nchi hii watu wanapenda ng'ombe kuliko hotuba. Alipoingia soko la Mulot akiwa na koti la buluu, biashara ilisimama. Wauza kondoo waliacha kondoo wao. Mzee mmoja alimzunguka mara tatu, akainua pindo la koti kama mtu anayetaka kununua, akauliza kama ni mgonjwa.

"Ni mzima," alisema Kipngetich kwa fahari. "Anaenda sherehe."

Akina mama walikuja pia. Waligusa picha, wakacheka, wakahesabu vidole vya yule mama mwekundu mwenye kibuyu. Drusilla akasimama mbele yao, akasema kwa Kikipsigis chake cha sokoni, halafu kwa Kiswahili: mwaka jana nilikosea, sikujua, mwaka huu hakuna lango. Uwanja ni wazi. Njooni na watoto.

Kicheko kikakatika. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Wakarudi kwenye mahindi yao.

"Ndivyo ilivyokuwa kila mahali," alisema Drusilla njiani. "Huyu ng'ombe wanampenda. Mimi wananisikiliza tu."

Jambo moja lilimchosha katika safari hiyo kuliko mwendo. Walipopitia maboma ya watu, Kipngetich alikuwa akisimama mbali na ua, anatulia. Drusilla, aliyezoea kusukuma mlango huku akibisha hodi, alikuwa akishika kiuno.

"Si tuingie? Jua linazama."

"Ngoja uitwe," Kipngetich alimjibu kila mara. "Mtu haingii tu. Mwenye boma atatoka, atakusalimu, ndiyo utajua una mwenyeji."

Siku ya sherehe, Jumamosi, Drusilla alikuwa uwanjani tangu alfajiri. Bendera zote ziko juu. Kati ya uwanja na barabara hapana kitu, hata kigingi. Alikuwa ameng'oa hadi miti miwili ya goli la mpira, asije mtu akaidhania vingine.

Saa tatu malori ya kambi za chai yakafika. Akashuka Adoyo, mchuma chai, na wachezaji wake ishirini wenye manyoya kichwani, njuga zikilia. Wakaja vijana wa gwaride, mmoja amevaa kama karani wa kodi, akifuatwa na watu wakimzomea. Wanaume wa Kikipsigis wakaingia na ng'ombe wao wa mashindano. Mzee Johana na wenzake wakachukua benchi la mbele. Danson akapuliza filimbi.

Saa tano, akina mama wakaonekana.

Walikuja kama mwaka jana, wengi, watoto wameoshwa, vibuyu mgongoni. Wakafika barabarani. Wakasimama.

Hawakugeuka, lakini pia hawakuvuka. Walisimama upande ule wa barabara, mstari mrefu, wakitazama bendera. Bot Chelimo mwenyewe alikuwa kati yao, maana ni mama kama wao na hangeweza kuvuka peke yake.

"Si nilisema?" Danson alianza.

"Lango halipo!" Drusilla alisema, na sauti ilikuwa inamtoka vibaya. "Angalia, halipo! Wanaogopa nini tena?"

Alimtazama mzee Johana. Mzee alikuwa akitazama ng'ombe. Ngoma za Adoyo zilikuwa zikilia nyuma yao na hakuna aliyezisikiliza. Drusilla alisimama amekunja mikono, machozi yamefika karibu, na kwa muda mwandishi huyu aliona mtu aliyechoka kabisa.

Kisha akapiga makofi mara moja, akajipiga paji la uso.

"Wamesimama nje ya boma!" alisema. "Ngai wangu, hawaogopi. Waliorudishwa mwaka jana hawaingii tu; wanangoja mwenyeji, na hakuna mtu aliyetoka."

Alitupa kamba ya kupimia, akatembea kuelekea barabarani. Hakukimbia. Alivuka, akaenda mpaka mwanzo wa mstari, akasimama mbele ya mama wa kwanza. Huyo alikuwa Sally, mke wa mfugaji wa kilima cha pili, aliyekuwa mteja wake miaka tisa kabla ya kuhamia kwa Mokaya. Alikuwa na mtoto wa kike mkononi, wa miaka minne hivi.

"Takwenya," Drusilla alimsalimu. Ndiyo salamu ya heshima ya mwanamke.

Sally alimtazama.

"Igo," alijibu Sally.

Drusilla akaenda kwa wa pili. Takwenya. Igo. Wa tatu. Hakuruka mtu. Alisalimu vikongwe na wasichana walioolewa juzi, na alipofika kwa Bot Chelimo alimsalimu vilevile kama mgeni, na Bot Chelimo akajibu akiuma mdomo asicheke. Ilimchukua karibu saa nzima. Gwaride lilisimama likimngoja, na yule karani wa kodi wa uongo alikaa chini kwenye majani.

Alipomaliza, alirudi mwanzo wa mstari. "Karibuni kwetu," alisema.

Sally hakuvuka mara moja. Kwanza alimvuta mtoto wake mbele, akamgeuza, akaonyesha mgongo wa gauni. Mshono ulikuwa umefumuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, umeshikwa kwa mwiba.

"Mokaya ni mtu mzuri," alisema Sally. "Lakini tumeteseka."

Drusilla alicheka na kulia kwa wakati mmoja, bila aibu yoyote, katikati ya barabara ya umma. Akamwinua mtoto akavuka naye, na akina mama wakavuka nyuma yake. Kwenye benchi la mbele mzee Johana alisogea kidogo, akawaonyesha vikongwe mahali pa kukaa. "Sasa," alisema, na hakuongeza.

Wanaosema Drusilla ndiye aliyefaulisha sherehe ya mwaka huu wana haki, lakini yeye hakuiona. Alitoa cherehani verandani, akaiweka kivulini, na mpaka jioni alikuwa akishona. Kila mama alikuwa na kola iliyokwenda upande au mfuko uliotoboka. Ngoma zilichezwa, fahali wa mtu wa Chebunyo akatwaa zawadi, na maziwa yakanywewa mpaka vibuyu vikalia. Mokaya alikuja kumshikia taa ilipoanza kuwa giza. Alijifunza kola, anasema, na anamshukuru Mungu.

Mwandishi huyu alimuuliza Drusilla ana mpango gani wa mwaka ujao. Ana mawazo saba, na sita kati yake yana wanyama. Lakini la saba alilisema akiwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Kamati ina wanaume wanane na mimi," alisema. "Wote tulijua bei ya bendera na bei ya nyama, na hakuna hata mmoja aliyeniambia lango ni nini au mgeni hupokewa vipi. Hao Wakipsigis walio ndani walinyamaza, eti kupamba na kupokea wageni ni mambo ya akina mama. Mwaka ujao nataka Bot Chelimo aingie. Na Sally. Na mama mmoja wa Mulot, yule aliyekuwa akihesabu vidole. Waniambie kabla sijakosea, si baada."

Na mwenyekiti Danson amekubali?

Drusilla alikata uzi kwa meno.

"Bado hajajua," alisema.